Scrabble: gemu ya maneno marefu, ila jiandae kubishana

Haya, kama unapenda maneno marefu ya Kiingereza chukua Scrabble, ubao na kete 100 zenye herufi unazopanga kuunda maneno, ila angalia unanunua wapi maana ile kopi ya bei rahisi niliyouziwa dukani herufi zilifutika fasta tu, Q ikawa kama O, ugomvi mtupu mezani.

Raha yake iko kwenye herufi ngumu. Q na Z ni pointi 10 kila moja, J na X 8, na ukimaliza kete zako zote saba kwa mkupuo mmoja unaongezewa 50, hapo ndo mtu anakaa anaumiza kichwa kutafuta neno refu lenye Q badala ya kuweka vineno vya herufi tatu (mie vineno hivyo vinaniboa kweli). Mwaka 2006 Mmarekani Michael Cresta aliweka "quixotry" akazoa pointi 365 kwa zamu moja, wengine gemu nzima hatufiki huko 😂. Na bingwa wa dunia 2015 alikuwa Mnigeria, Wellington Jighere, kwahiyo msitishike na Wazungu.

Kucheza Kiswahili na seti hii sishauri, K ipo moja tu na E zimejaa 12 wakati A ni 9, utaandika "kaka" na nini sasa?

Kwa watoto wanaojifunza spelingi poa sana, ila mzee wa kupoteza muda akifikiria mwekeeni saa.