Uzoefu wangu: kurudisha sera za NPS zilizofutwa kimakosa

NPS (Network Policy Server), ile huduma ya RADIUS, yaani mfumo wa kuthibitisha wanaoingia mtandaoni, iliyomo ndani ya Windows Server, naitumia kuthibitisha watumiaji wa Wi-Fi na VPN katika ofisi za Unguja na Pemba. Kwa kazi ya kila siku sina malalamiko nayo. Kasoro yake ni hii: sera, yaani kanuni ya nani aruhusiwe na vipi, ukishaifuta imekwenda. Hakuna kitufe cha kuirudisha, wala cha kurudisha sera za awali.

Kabla ya kuhangaika, jua kilichofutika. Network Policies (sera za mtandao, zinazoamua nani aingie) huja na sera mbili za awali, na zote mbili kazi yake ni kukataa. Zikiondoka, aliyekuwa akiingia kwa sera zako ataendelea kuingia, na asiyeangukia sera yoyote atakataliwa vilevile. Balaa ni kufuta "Use Windows authentication for all users" iliyo chini ya Connection Request Policies, zile zinazoamua ombi lishughulikiwe na seva ipi. Kama huna nyingine, kila ombi litakataliwa hata sera zako za mtandao zikiwa salama. Angalia tukio 6273 kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows: sababu namba 49 maana yake ombi halikupata sera ya Connection Request, namba 48 ni kukosa sera ya mtandao.

Hiyo sera ya Connection Request, ambayo kukosekana kwake huleta namba 49, huijengi kwa zaidi ya dakika chache. Unda sera mpya kwa jina lile lile, aina ya seva iache Unspecified, sharti liwe Day and Time Restrictions kwa saa zote za siku zote saba, na uthibitishaji ufanyike kwenye seva hiyo hiyo. Iweke mwisho wa mpangilio.

Sera ulizozitunga mwenyewe ndizo zinazohitaji nakala. Amri ni Export-NpsConfiguration -Path D:\nps.xml, na kurudisha ni Import-NpsConfiguration kwa faili hilo. Tahadhari, kurudisha hufunika kila kitu: ruta au akses pointi uliyoiongeza baada ya nakala itatoweka. Kwa hiyo toa kwanza nakala (Export) ya hali ya sasa kwenye faili la pili. Siri za RADIUS, yaani nywila kati ya NPS na ruta au akses pointi, zimo humo zikisomeka wazi, basi faili hilo usiliache kwenye folda ya wote. Mipangilio ya kuandika kumbukumbu kwenye hifadhidata ya SQL haimo kabisa. Ukirudishia kwenye seva nyingine, chagua upya cheti cha PEAP, ile njia ya uthibitishaji inayotumia cheti cha seva.

Kama hukuwahi kutoa nakala kwa Export lakini una bakapu ya seva, simamisha huduma kwa net stop ias, rudisha C:\Windows\System32\ias\ias.xml, kisha net start ias.

Kwa wanaohudumia seva ya Chake Chake, Pemba, wakiwa Mjini Unguja: kama VPN yako inathibitishwa na NPS hiyo hiyo, usiguse sera bila njia ya pili ya kuingia. Uliyemo hutatolewa papo hapo, lakini muunganisho ukikatika hutaweza kuingia tena, na dawa iliyobaki ni boti ya Mkoani.

Na kwenye Windows Server 2019, sera zikiwa sawa na bado hakuna tukio lolote linaloandikwa, mara nyingi tatizo ni ukuta wa moto (firewall) unaozuia UDP 1812, mlango wa maombi ya RADIUS, ingawa kanuni yake inaonekana imewashwa. Andika sc.exe sidtype IAS unrestricted, kisha washa seva upya. Usiandike sc peke yake ndani ya PowerShell, maana humo ni amri nyingine.