Kunde ndefu kwa bustani ya joto: mbegu ipi ununue kwanza

Lalamiko ni lilelile kila msimu: mmea umefika ncha ya fito, majani tele, ua hakuna hata moja. Lawama huangushiwa jua, nalo jua halina kosa. Kunde ndefu, ingawa wengi huiita maharage marefu, ni ndugu wa kunde. Joto likipita nyuzi 32 maharage ya kawaida hupukutisha maua. Hii ndiyo kwanza inachangamka.

Kinachoponza ni urefu wa mchana. Aina nyingi husubiri mchana ufupike ndipo zichanue, na pakiti hazisemi. Karibu na ikweta, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hutaliona tatizo. Ukiwa mbali na ikweta, ukapanda mchana ukiwa mrefu, utavuna majani. Majani machanga ni mboga nzuri, lakini siyo uliyonunulia mbegu. (Hakikisha pia hujarundika mbolea ya naitrojeni, maana nayo huleta majani bila maua.)

Ndiyo maana namba moja ni Liana, na upendeleo huu siufichi: haijali urefu wa mchana. Maganda yake ni membamba, ya kijani kibichi, na huanza mapema.

Ya pili ni Orient Wonder. Mbegu zake hukawia kuvimba ndani ya ganda, hivyo ukichelewa siku moja kuchuma bado linalika.

Red Noodle, yenye maganda mekundu ya damu ya mzee, naiweka ya tatu. Inapendeza machoni, ila mchana mrefu mara nyingi huichelewesha. Inunue ukiwa na msimu mrefu.

Mbegu za bei ya chini zisizo na jina la aina? Funga 10 kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku 7 zikiota pungufu ya 7, zitupe. Zenye vitundu usizijaribu hata kidogo.

Halafu wauzaji na picha zao za maganda ya mita nzima! Ganda la urefu huo limeshakuwa sponji. Linalofaa kuliwa lina sentimita 30 hadi 45, unene wa penseli, kabla mbegu hazijatokeza. Usilipie zaidi kwa sababu ya urefu ulioandikwa kwenye pakiti.

Mstari wa mita 3 unataka mimea 15 hadi 20, mbegu zikiwa kina cha sentimita 2 au 3, udongo ukiwa umefika nyuzi 20. Fito ziwe za mita 2 na zaidi, zisimikwe siku ya kupanda, maana ukizichomeka baadaye utakata mizizi. Maganda yakianza, chuma kila siku au siku mbili kwa kukata ganda peke yake. Maganda hutoka mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, na kikonyo hichohicho huchanua tena. Ukikinyofoa umejikatia mavuno yajayo.