Ofisi Iliyoanza kwa Kuniuliza Habari za Waume Wangu wa Awali: Tathmini ya Huduma ya Maombi ya Viza ya Mwenzi, Mombasa

Ofisi ninayoitathmini iko ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Barabara ya Digo, juu ya duka la vitambaa, na sitaitaja jina kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kuisemea. Kazi yake ni kuwaandalia watu makaratasi ya viza za ndoa, hasa za Marekani na Uingereza. Niliingia humo kwa mara ya kwanza Januari 2023, nikiwa mjane mwenye binti mmoja, nimeposwa na mwanamume mzaliwa wa Kwale ambaye sasa ni raia wa Marekani na anaishi Ohio. Nililipa shilingi 45,000 kwa awamu mbili. Ninaipa nyota tatu kati ya tano, na ningetoa nne na nusu kama tathmini ingehusu siku ya kwanza peke yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwa kijana mmoja wa kujaza fomu, ambaye aliposikia kwamba nimeolewa mara mbili alinishauri niandike mara moja tu. Hoja yake ilikuwa kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa ya ujanani, talaka yake ilikuwa ya mdomo, wala hakuna serikali iliyoiandika popote. Nilikaribia kumsikiliza. Mshauri wa ofisi hii, mama wa makamo anayevaa buibui na miwani ya kamba, alipolisikia shauri hilo aliweka kalamu chini akaniambia, "Bi mdogo, ndoa mbili hazimnyimi mtu viza. Kinachomnyima ni kuificha moja." Alinieleza kwamba katika sheria ya uhamiaji ya Marekani, anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi kuhusu jambo la msingi anaweza kuzuiwa kuingia nchini humo maisha yake yote, na kwamba msamaha upo lakini njia yake ni nyembamba. Akaniuliza pia kama nimewahi kuomba viza yoyote. Nilikumbuka kwamba mwaka 2014 niliomba viza ya matembezi ili nimsindikize shangazi yangu, na kwamba fomu ilijazwa na karani wa saiba aliyeandika kuwa sijaolewa, ilhali wakati huo nilikuwa nyumbani kwa mume. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Yeye alilipa uzito, akanitaka niandike maelezo ya kweli kwa mkono wangu, kwa kuwa fomu za zamani hazitupwi na anayesoma faili jipya anaweza kulifungua la zamani.

Kikao hicho cha maswali kilichukua saa mbili na nusu, na ndicho ninachokihesabu kuwa thamani ya fedha yangu. Ombi la mwenzi la Marekani, ambalo mume hulipeleka kwa Fomu I-130, hutaka uthibitisho kwamba kila ndoa ya awali, ya mume na ya mke, imekwisha kisheria, ama kwa hukumu ya talaka, ama kwa cheti cha kifo, ama kwa amri ya kuibatilisha. Anayesoma faili huziangalia ndoa hizo kama shanga zilizotungwa kwenye uzi: ya pili isianze kabla ya kwanza kwisha, na ya tatu isianze kabla ya pili kwisha. Uzi wangu ulikuwa umekatika mahali pawili, na wa mchumba wangu mahali pamoja.

Nianze na uzi wake, kwa kuwa ndio ulioleta kelele nyumbani. Alikuwa amenitumia kwa simu karatasi aliyoiita talaka yake ya Marekani, na wazee walikuwa wamekwisha kupanga nikaha iwe Shaaban, kabla ya mfungo. Mshauri aliisoma karatasi hiyo mara mbili akasema kwamba ilikuwa ni maombi ya talaka yaliyopokelewa mahakamani, wala haikuwa hukumu. Kidini alikwisha kumwacha mkewe siku nyingi, hilo halina shaka, lakini mbele ya sheria ya kule alikuwa bado ni mume wa mtu, na nikaha yetu ingesomwa kama ndoa ya mtu mwenye mke. Marekani haiitambui ndoa ya mke wa pili kwa madhumuni ya viza, hata kama ndoa hiyo ni halali kwetu. Sheria yetu wenyewe ya Ndoa ya mwaka 2014, inayoruhusu mitara katika ndoa za Kiislamu na za kimila, haimruhusu aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine. Kwa hiyo tulingoja. Shangazi zangu walinung'unika tangu Shaaban hadi Mfungo Pili, wakisema kwamba mwanamke anayengojeshwa na karatasi ataishia kuolewa na karatasi. Hukumu ya mwisho ilitoka Juni, nasi tukafunga nikaha baada ya Idi Kubwa, mchumba wangu akiwa amekuja mwenyewe. Hilo la kuja mwenyewe nalo lilikuwa shauri la ofisi, maana kulikuwa na wazo la kufunga kwa wakili, yaani mtu wa kusimama badala yake, na kusikilizana kwa simu, na ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuhudhuria haihesabiwi katika uhamiaji wa Marekani mpaka wawili hao wawe wamekutana kama mume na mke baada yake.

Kuna jambo jingine kuhusu mume wangu ambalo mshauri alilisema waziwazi, nami nilimheshimu kwa kutolizunguka. Mume wangu alipata ukaazi wake kwa njia ya ndoa na raia wa Marekani, kisha uraia, kisha talaka, na sasa anamleta mke kutoka nyumbani. Mombasa tunaijua hadithi hiyo na tunajua inavyosemwa vibarazani. Maofisa nao wanaijua. Kama angekuwa bado na grini kadi tu aliyoipata kwa ndoa ile, angezuiwa kumwombea mke mpya kabla ya miaka mitano tangu apate ukaazi, isipokuwa mke wa kwanza awe amefariki au yeye athibitishe kwa ushahidi mzito kwamba ndoa ile ilikuwa ya kweli. Kwa raia kizuizi hicho hakipo, ila swali hubaki. Na ikibainika kwamba ndoa ya awali ilikuwa ya kughushi kwa ajili ya karatasi, ombi lolote la baadaye halikubaliwi, hata ndoa mpya iwe safi namna gani. Tulishauriwa aweke tayari mikataba ya nyumba na ripoti za kodi za miaka aliyoishi na mke yule. Kukusanya ushahidi wa mapenzi ya mume wako kwa mwanamke mwingine ni kazi yenye ladha ya ajabu, lakini niliifanya.

Sasa uzi wangu mwenyewe. Mume wangu wa pili alifariki mwaka 2018, nami nilidhani karatasi niliyokuwa nayo inatosha. Ilikuwa ni kibali cha maziko. Nadhani nyumba nyingi za Pwani zimeishia hapo: maiti huzikwa siku ileile, matanga yakaisha, kibali kikawekwa ndani ya msahafu, na hakuna anayerudi kwa msajili kuchukua cheti cha kifo. Ofisi ilinielekeza vizuri na nilikipata mwenyewe bila kumlipa mtu wa kati.

Talaka ya kwanza ndiyo iliyonipeleka mbio. Niliolewa Likoni mwaka 2005, nikaachwa mwaka 2009 mbele ya baba yangu na mashahidi wawili, nikakaa eda, nikaolewa tena mwaka 2011. Hakuna aliyekwenda kwa Kadhi. Mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Ibara ya 170 ya Katiba, na mambo ya ndoa na talaka baina ya Waislamu yamo katika mamlaka yake, kwa hiyo njia ilikuwa ni kuiomba mahakama iithibitishe talaka iliyokwisha kupita. Mtalaka wangu, Mungu amjazi, alivuka feri akaja kutoa ushahidi bila kinyongo. Hati ilipotoka nilifurahi, nikaipeleka ofisini, na mshauri akaikataa. Ilikuwa na tarehe moja tu, ya mwaka 2023, siku iliyotolewa. Kwa msomaji wa mbali asiyejua chochote kuhusu Likoni wala eda, hati ile ilisema kwamba niliachwa mwaka 2023, maana yake ni kwamba mwaka 2011 niliolewa na mume wa pili nikiwa mke wa mtu, na kwamba hata ujane wangu ulikuwa na walakini. Ilinibidi nirudi mahakamani kuomba hati itaje kwamba talaka ilitolewa na kutimia mwaka 2009, na kwamba mwaka 2023 ni wa kuithibitisha tu. Marekebisho hayo yalichukua wiki saba. Kama kuna jambo moja ambalo anayesoma hapa akiwa na talaka ya mdomo anapaswa kulichunguza kabla ya kulipa ada yoyote, ni tarehe hiyo.

Baada ya sifa hizo, huduma ilishuka. Ada ya awamu ya pili ilipokwisha kulipwa, mshauri yule hakuonekana tena, na faili langu likashikwa na vijana ambao kila mmoja alinitaka nisimulie upya habari za waume wangu mbele ya wateja wengine, kwenye chumba chenye benchi moja na feni moja. Mambo ya talaka na vifo yanastahili mlango unaofungwa. Pia walinitoza shilingi 1,500 kwa kila ukurasa wa tafsiri "kwa ajili ya muhuri wa wakili". Idara ya uhamiaji ya Marekani hutaka tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Haitaki muhuri wa wakili. Fomu zenyewe pia ni za bure, jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Ada halisi za serikali ni nyingine: ombi liligharimu dola 625 kwa kuwa mume wangu alilipeleka kwa mtandao Mei 2024, kisha zikaja dola 325 za viza na dola 120 za hati ya udhamini.

Orodha yao ya nyaraka nayo ni ya zamani. Mama mmoja niliyekaa naye benchini, ambaye mumewe mtarajiwa yuko Birmingham, alikuwa akihangaishwa alete hati ya talaka kwa jina ambalo mahakama za Uingereza na Wales ziliacha kulitumia kwa maombi yaliyoanza tangu tarehe 6 Aprili 2022. Mumewe alikuwa na hati sahihi mkononi, ila haikufanana na neno lililoandikwa kwenye karatasi ya ofisi.

Kosa kubwa, hata hivyo, linamhusu binti yangu. Tuliacha kila kitu mikononi mwao tukiamini kwamba mtoto wa marehemu mume wangu angesafiri ndani ya faili langu. Mke wa raia wa Marekani hawezi kumbeba mtoto katika ombi lake. Baba wa kambo lazima ampelekee mtoto ombi lake mwenyewe, na hilo linawezekana tu ikiwa ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Binti yangu alikuwa na miaka 11 siku ya nikaha, kwa hiyo haki yake haikupotea, lakini muda umepotea. Ofisi iliyoniuliza habari za ndoa zangu zote kwa saa mbili na nusu haikuuliza hata mara moja ndoa hizo zilizaa nani.

Ombi langu lilikubaliwa bila barua ya kudai ushahidi zaidi, na nyaraka zangu zote zimepokelewa; ninangoja tarehe ya mahojiano katika ubalozi, Nairobi. Nilipowauliza kuhusu binti yangu walinitajia shilingi 30,000 nyingine. Nilishukuru, nikachukua nakala ya cheti cha kifo cha babake, ambacho kwa bahati kinatumika tena kuonyesha kwamba hakuna mzazi mwingine wa kuombwa ridhaa, na mume wangu akalijaza ombi hilo mwenyewe usiku mmoja, mimi nikimsomea tarehe kwenye simu.