Kamera ya Picha 27: Likizo Nzima kwa Mkanda Mmoja

Likizo ya kiangazi iliyopita ilikuwa ya wiki saba, na mwanzoni mwake nilijiwekea sharti kwamba simu yangu haitapiga picha yoyote ya nyumbani. Badala yake nilinunua kamera ya mkanda, ile ya plastiki inayotumika mara moja tu, ambayo huuzwa ikiwa na filamu ndani yake na ambayo, picha zake 27 zikiisha, hupelekwa studio nzima nzima ili zikasafishwe. Nina umri wa miaka 16 na sikuwahi kushika mkanda wa picha kabla ya hapo. Tathmini hii ni ya kamera hiyo, ingawa haiwezekani kuieleza bila kuwataja waliokaa mbele yake siku zote hizo, yaani mama, baba, bibi na mdogo wangu wa miaka minane.

Kamera za aina hii si kitu kipya. Fujifilm ilianza kuziuza nchini Japani mwaka 1986, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo: lenzi moja isiyorekebishwa, kitufe cha kupigia, gurudumu dogo linalosokotwa kwa kidole gumba, na, katika zile zilizofuata zenye flashi, betri moja ndogo ya kuiendesha. Kaunta iliyo juu huhesabu kwa kurudi nyuma. Kilichonivutia zaidi hakionekani kwa nje, kwa kuwa kiwandani mkanda wote hutolewa kwanza kutoka katika kikopo chake, kisha kila unaposokota gurudumu, picha uliyokwisha kuipiga hurejea ndani ya kikopo na kukaa gizani. Mdogo wangu alipoelezwa hayo alikwenda kuchukua bisibisi ili akazione. Nilimnyang'anya mapema, na si kwa ajili ya picha peke yake, maana kapasita ya flashi inaweza kuhifadhi umeme wa takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa. Asifungue mtu kamera hii nyumbani.

Uchache wa picha ndio uliobadilisha likizo yangu, na haukuibadilisha kwa namna niliyoitarajia. Nilidhani ningesubiri matukio makubwa. Lakini siku za likizo nyumbani hazina matukio makubwa: kuna kuamka kwa kuchelewa, kuosha vyombo kwa zamu, kugombania rimoti, na zile saa za alasiri ambazo kila mtu yupo chumba kimoja na hakuna anayezungumza. Katika wiki ya kwanza nilipiga picha mbili tu, kwa sababu kila nilichokitazama nilikiona hakistahili. Katika wiki ya tatu nikaanza kuogopa kwamba likizo itaisha na mkanda ungali umejaa, ndipo nikaanza kuitazama nyumba yetu kwa makini, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea.

Hakuna kioo cha kutazamia picha baada ya kuipiga, na jambo hilo lilimsumbua mama kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa simu, mama hubakiza picha moja baada ya kufutisha tatu. Siku moja alikuwa ameegemea fremu ya mlango wa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa begani na mikono ingali na povu, akitazama nje. Aliposikia mlio wa kitufe aligeuka na kusema, "Hebu nione." Nilimwambia kwamba hakuna cha kuona mpaka mkanda usafishwe. "Basi ifute." Nikamwambia kwamba hata kufuta haiwezekani. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye vyombo vyake.

Bibi hakuhitaji maelezo. Alipoiona kamera tu alikaa kitini, akaweka mikono juu ya magoti, akainua kidevu na kutulia tuli. Nilibonyeza kitufe, kikakataa kushuka. "Umesokota, mjukuu wangu?" aliniuliza bila kusogeza midomo. Nilikuwa sijasokota.

Sasa kuhusu kasoro, ambazo ni nyingi na baadhi yake zilikuwa za kwangu. Kati ya picha 27, zilizotoka vizuri ni 17. Sita zilipigwa ndani ya nyumba nikiwa nimesahau kuwasha flashi na kusubiri kile kitaa kidogo kiwake, na zote zimetoka giza lenye vivuli vya watu. Kamera haikupi onyo lolote. Mbili zina ukungu kwa sababu nilisogea karibu mno, ilhali lenzi hii huanza kuona vizuri kuanzia umbali wa kama mita moja. Moja ina kidole changu. Nyingine inamwonyesha baba bila kichwa, kwa kuwa kidirisha cha kuchungulia kiko juu ya lenzi na kwa mtu aliye karibu hakioni kile kile kinachoonwa na lenzi. Kwa upande mwingine, picha nne ambazo mdogo wangu alizimaliza katika asubuhi moja kwa kumpiga paka yule yule, akiwa amelala vile vile, zimetoka safi kabisa.

Gharama nayo ni ya mara mbili, kwani unalipia kamera kisha unalipia kusafisha na kuchapisha. Nilisubiri siku 12. Nilipofika studio nilikabidhiwa picha peke yake, na ilinibidi niulize negativu, yaani ile filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapishwa kutoka kwake, ziko wapi, kwani mhudumu alidhani sizihitaji kama wateja wake wengi. Ziulizeni. Ulizeni pia ganda la plastiki linapelekwa wapi, kwa kuwa wapo watengenezaji wanaoyapokea maganda hayo na kutumia tena sehemu zake, na studio isiyojua huyatupa. Kamera yenyewe isiachwe ndani ya gari lililo juani, kwani joto huharibu rangi za filamu.

Kwa anayetaka picha kali za sherehe ya usiku, siipendekezi hata kidogo. Kwa kijana atakayekuwa nyumbani likizo nzima na familia yake, ningempa hata leo, mradi afundishwe flashi kwanza.

Nilipozimwaga picha mezani, bibi aliichukua ile aliyokaa kitini na kuikataa nyingine ambayo anacheka, akisema kwamba hakuwa tayari. Baba aliiomba ile isiyo na kichwa. Mama aliitazama ya mlango wa jikoni kwa muda mrefu, akasema kwamba anaonekana amechoka, na kesho yake haikuwapo tena mezani. Nimeiona baadaye kwenye droo yake, chini ya stakabadhi. Sijamwuliza. Negativu ninayo mimi.