Nilihamisha cherehani zangu kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi: uzoefu wangu wa miaka mitatu na nusu

Kila wiki kuko mtu ananiuliza, yaya, Kolwezi iko namna gani, nikikuja na dola 1000 nitafanya kitu? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, acha niandike yote mara moja. Mi ni mshonaji, nimezaliwa Katuba, kazi nimejifunza kwa mama mkubwa pale karibu na soko ya Kenya (Katuba na Kenya ni commune za Lubumbashi, si ile nchi), na mwezi wa sita 2022 nilipakia mashine mbili kwenye fuso nikaenda. Niko huku mpaka leo. Mji huu umenilisha, watoto wanasoma, sina mpango wa kurudi, lakini mwaka wa kwanza nilikosea kitu kimoja chenye kilitaka kuua biashara yangu na naona wengi wanakuja kukosea palepale.

Sisi wa Lubumbashi tulizoea kuona Kolwezi kama fasi ya Gécamines tu, ile kampani ya serikali ya migodi, unaenda kusalimia shangazi kwenye nyumba za wafanyakazi, unalala siku mbili, unarudi. Tangu 2015 Katanga kukatwa vipande vinne, Kolwezi ikawa kichwa cha jimbo la Lualaba na hapo mambo yakabadilika, gavana yuko pale, ofisi za jimbo, benki, hoteli, nyumba zinajengwa kila upande. Halafu migodi yenyewe: KCC, Sicomines, COMMUS iko karibu kabisa na nyumba za watu, Mutanda unaipita kabla ya kufika, na upande wa magharibi Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba 2021. Kila kampani kubwa iko na makampani madogo chini yake, ya usafi, ya ulinzi, ya kulisha wafanyakazi, ya magari, na kila mfanyakazi wa hizo kampani anatakiwa kuvaa salopeti (ovaroli) na jile (kizibao) ya kung'aa. Mi kwa Katuba nilikuwa nashona libaya (blauzi za wamama) na nguo za harusi, tuko washonaji kumi barabara moja tunanyang'anyana mteja mmoja, mwezi wa kwanza hakuna mtu mwenye anaoa. Nilipofika Kolwezi nikatembea siku mbili, nikaanzia quartier Biashara (ndiyo, quartier yenyewe inaitwa hivyo, iko commune ya Dilala), nikawa natafuta mshonaji mwenye anaweza kushona salopeti ya kazi vizuri. Nilipata wawili, na mmoja alikuwa na komande (oda) mpaka anazikataa.

Njia ni kama kilomita 300, Likasi, Fungurume, unavuka mto Lualaba, peaje za kulipa, malori ya shaba mbele na nyuma. Toka asubuhi, usisafiri usiku na mzigo, basi.

Nyumba sasa. Hapo njo pesa yako ya kwanza itakufia. Kampani zinapangia wafanyakazi wao kwa hiyo wenye parsele, yaani wenye nyumba, wamezoea bei za kampani, na mama mwenye anauza nguo za watoto anaulizwa bei ileile. Mi nilipata chumba cha biashara commune ya Manika, mita tatu kwa nne, dola 120 kwa mwezi, wakataka garanti ya miezi sita na komisioneri (dalali) naye mwezi wake mmoja. Hesabu mwenyewe, dola 840 imeenda kabla sijatundika hata uzi ukutani. Chakula pia kiko juu kuliko kwetu, unga mwingi unatoka Zambia unaingilia mpaka wa Kasumbalesa, unapita Lubumbashi, ndiyo ukuje huku, kila fasi umeongezwa kitu. Na umeme bana, huu unaniuma roho. Mabwawa ya Nseke na Nzilo yako karibu hapa, waya mkubwa wa umeme wa bwawa la Inga unafika hapahapa Kolwezi, lakini quartier yangu inaweza kukaa gizani siku tatu. Nimezoea kushona saa tano ya usiku mpaka saa kumi maana njo wakati moto (umeme) unarudi na una nguvu. Mashine moja nimeacha ya miguu makusudi, hiyo haiombi moto kwa mtu.

Lakini acha niwaambie kuhusu komande yangu ya kwanza maana ile ndiyo ilinifundisha kazi. Salopeti 60, kampani ndogo ya usafi. Nikashona wiki mbili, pindo nzuri, mifuko sawa, nikapeleka nimejivuna kabisa. Papa wa depo (stoo), mtu mzima wa Gécamines ya zamani, akachukua moja, akaigeuza ndani nje, akashika mshono wa katikati ya miguu kwa mikono miwili akavuta kama mtu anapasua kuku. Uzi ukalia trrr. Akaniambia kwa upole, mama, mtu akichuchumaa mara mbili hii itaachia, na huku wanachuchumaa siku nzima. Mi machozi yako karibu. Kisha akaenda nyuma akaniletea salopeti ya zamani, imevaliwa na mtu wa kiwanda fasi wanayeyusha mawe kwa asidi, mbele kwenye mapaja kuko vitundu vidogo vidogo kama imeliwa na panya, na nilipogusa pembeni ya kitundu kitambaa kikavunjika kama karatasi yenye imeungua. Hiyo ni pamba, akasema, asidi inakula pamba, poliesta inavumilia. Lakini fundi wa kuchomea chuma usimpe poliesta hata siku moja, cheche ikianguka inayeyuka na kugandama kwenye ngozi, huyo mpe pamba nzito. Miaka kumi na moja nashona, hakuna mtu aliwahi kuniambia hivyo. Nilirudi na zote 60 nikapiga mshono mara tatu kila mahali pa kuvutika, sikulala, na papa akazipokea. Tangu siku ile mtu akiniletea komande naanza kumuuliza, hawa watu wanafanya kazi gani? Kabla hata ya bei. Na hapo njo nilianza kupata wateja, maana wauzaji wengi wanaleta salopeti za tayari kutoka nje zenye ni sawa kwa kila mtu, fundi wa kuchomea chuma na mtu wa asidi wanavaa kitu kimoja.

Makaratasi msiyaogope. Kongo tuliingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara) 2012, kuko Guichet Unique ya kuandikisha biashara, mi niliandikisha etablisema kwa jina langu tu, nikapata RCCM (namba ya kuandikishwa biashara), namba ya taifa na namba ya kodi. Bila hiyo kampani haiwezi kukulipa kwa benki, utabaki kushona chini ya jina la mtu mwingine na yeye anakata chake. Kuko pia sheria ya sous-traitance ya 2017, inasema hizo kazi ndogo za chini ya kampani kubwa zinatakiwa zishikwe na kampani zenye mtaji wake mkubwa uko mikononi mwa Wakongomani, na kuko ofisi ya serikali, ARSP, yenye inaangalia hiyo. Mi ni mtu mdogo lakini hiyo sheria imenifungulia mlango mara mbili, nilikuwa na karatasi mkononi na mwenzangu wa bei nzuri kuliko mimi hakuwa nayo.

Sasa kosa langu. 2023 ikanijia komande ya salopeti 400, kampani moja ya chini ya kampani, sitaitaja. Nikaona nimefika. Nikaacha wateja wote wa barabarani, nikamwambia mama jirani mwenye alitaka nguo ya ubatizo aende kwingine, nikachukua makuta ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) maana ilikuwa zamu yangu, nikakopa tena kwa dada yangu Lubumbashi, nikanunua kitambaa chote kwa mara moja. Nikashona, nikapeleka, wakasaini bon ya kupokea mzigo, wakasema watalipa siku 30. Siku 30 zikawa 60. Kila nikifika pale mlangoni wananiambia bosi amesafiri, fakitire (ankara) iko kwenye saini, rudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu nyingi. Miezi mitano! Wenzangu wa likelemba wanangoja, mwenye parsele anangoja, dada yangu hakuniambia neno mbaya hata moja lakini nilikuwa najua mume wake anauliza. Walinilipa mwishowe, yote, lakini wakati ule nilikuwa nimeshauza mashine moja kati ya zile mbili nilizokuja nazo.

Chenye kiliniokoa si kampani, ni watoto wa shule. Mwezi wa nane, kabla ya masomo kufunguliwa, mama mmoja wa Manika akaniletea watoto wanne, bulu na nyeupe, akalipa kashi nusu mbele na nusu siku ya kuchukua. Akamleta jirani yake, jirani akaleta mwenzake. Nguo moja ya shule faida yake ni ndogo sana mbele ya salopeti, lakini mama wa mtoto hajui neno siku 30. Kufika mwezi wa tisa nilikuwa nimelipa likelemba. Leo sheria yangu ni moja, kampani zisipite nusu ya kazi yangu, na sipeleki kipande hata kimoja kama sijapata kitu mbele cha kununua kitambaa. Wengine wanakasirika wanaenda. Waende.

Na ilikuja kunisaidia vikali mwaka jana. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilifunga kutoa kobalti, ile madini ya betri yenye inachimbwa huku pamoja na shaba, kwenda nje ya nchi kwa miezi minne maana bei ilikuwa imeanguka, imekuwa mingi sokoni, halafu wakaongeza miezi mingine, mpaka mwezi wa kumi wakaleta mpango wa kila kampani na kipimo chake. Shaba iliendelea kutoka kwa hiyo kampani kubwa hazikufunga milango, lakini wachimbaji wa mikono na wanunuzi wa mawe ya madini wa Musompo (soko ya mawe hapa Kolwezi), wale njo walikuwa wanatembeza pesa kila siku kwenye mji, wakakauka. Mama wa malewa (mgahawa mdogo) jirani yangu alikuwa anapika masufuria matatu ya bukari (ugali), nikaona amebaki na moja, jioni bado liko nusu. Kampani mbili zilikata komande zangu. Mtu mwenye alikuwa anauza kwa watu wa kobalti peke yao alirudi kwao. Mi nilikuwa na bulu na nyeupe zangu, na libaya za kanisa. Watu wa kitambo wa huku watawaambia haikuwa mara ya kwanza, mwisho wa 2019 Mutanda ilisimama na mji ukasikia.

Nikiulizwa alama naipa Kolwezi 4 juu ya 5. Ile moja nimeitoa kwa sababu ya umeme na vumbi, maana kiangazi ukitundika nguo nyeupe nje asubuhi, mchana iko rangi ya udongo, mi nyeupe zote nafunga kwenye plastiki mpaka siku ya mteja. Na kuko jambo lingine siwezi kulinyamazia, kuna familia zinatuma vijana huku wakachimbe, wanasikia Kasulo, quartier ya hapa Kolwezi, watu walipata mawe ya madini chini ya nyumba zao, wanafikiri pesa iko chini inangoja. Mi nimeshona nguo za kuzikia vijana wa mashimo. Msimtume mtoto wa mtu huku na jembe, mtumeni na ufundi. Fundi wa friji, wa umeme wa jua, wa kutengeneza motokari, wa kupika vizuri kwa watu wengi, hao wanatafutwa mpaka usiku. Na wengi wanaongea reli ya Lobito kule Angola yenye imeanza kubeba shaba ya huku kwenda baharini, ni kweli inasonga, lakini mtu mdogo asifunge duka Lubumbashi kwa sababu ya treni, afunge kwa sababu ameshakuja kuona na macho yake na amepata wateja watatu wa kuanzia.

Mkija mpange hivi: njoo kwanza wiki mbili bila mzigo, lala kwa ndugu. Weka pembeni kodi na chakula vya miezi sita, hizo usiziguse kwa kitambaa wala bidhaa. Dola zako ziangalie moja moja kabla ya kutoka Lubumbashi, yenye imepasuka hata kidogo kwenye kona watakukatalia huku sawa na kwetu, na kambista (mbadilisha pesa) ataichukua kwa hasara yako.

Kwa washonaji wenzangu tu: ile bendi ya kung'aa ukiipitisha juu ya mshono mara tatu wa kitambaa kizito inavunja sindano kama kijiti, mi siku moja nilivunja saba kabla ya saa sita. Huku sindano namba 18 zinapotea sokoni na zikirudi bei imepanda. Beba pakiti kumi kutoka nyumbani, na mbili uniletee, nitalipa kashi.