Casio fx-991ES PLUS: Je, Kikokotoo Hiki Kinafaa kwa Aljebra?

Wanaonunua kikokotoo hiki badala ya fx-82MS, ambacho ni cha bei nafuu, mara nyingi huvutiwa na uwezo wake wa kukokotoa milinganyo ya kipeo cha pili: unabonyeza MODE, kisha 5, kisha 3, unaingiza namba tatu za ax² + bx + c, na majibu yanatokea papo hapo, tena kwa sehemu badala ya desimali. Kwa mlinganyo, hilo linatosha. Swali likiwa la kurahisisha, mambo ni mengine.

Tuchukue (6x² + 7x − 20)/(9x² − 16). Kikokotoo kitatoa 4/3 na −5/2 kwa kiasi, halafu 4/3 na −4/3 kwa asili. Kule kujirudia kwa 4/3 kunadokeza kwamba 3x − 4 ni kigawo cha shirika, nalo ni dokezo la maana. Hata hivyo, mwanafunzi atakayeyageuza majibu hayo kijuujuu na kuandika (x + 5/2)/(x + 4/3) atakuwa amezitupa 6 na 9 zilizotangulia x². Jibu sahihi ni (2x + 5)/(3x + 4), na hupatikana kwa kuivunja 7x kuwa 15x na −8x, kazi ambayo kikokotoo hakiifanyi. Kitufe cha FACT huichanganua 120, yaani 6 × 20, kuwa 2³ × 3 × 5, lakini jozi ya 15 na 8 utaitafuta mwenyewe.

Kitufe ninachokisifu bila kusita ni CALC, ingawa wengi hawakigusi. Ukiandika mtajo wa awali, ukabonyeza CALC na kuipa X thamani ya 2, unapata 9/10. Jibu sahihi nalo linatoa 9/10, ilhali lile la kijuujuu linatoa 27/20, na kosa linafichuka kabla msahihishaji hajaliona.

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, vikokotoo visivyopangiwa programu, kikiwemo hiki, huruhusiwa isipokuwa pale swali linapokataza, na alama hutolewa pia kwa hatua za kazi. Kwa sababu hiyo ningemshauri mzazi anunue fx-991ES PLUS ikiwa mtoto ameshaumudu utafutaji wa vigawo kwa kalamu na anahitaji chombo cha kuhakiki. Ambaye bado anaujifunza atatoshwa na fx-82MS.