Biro ya kuandika maproje, Kadutu: nzuri, lakini muchunge budgeti
Kama asosiasyo yenu inatafuta ufadhili na hamuna mutu wa kuandika proje, hii biro ndogo ya hapa Bukavu iko sawa. Kwanza banaomba statuti na makaratasi ya Jistisi (wizara ya sheria), banawaambia wazi kama hamuko sawa na sheria ya ma-ASBL (asosiasyo zisizotafuta faida) namba 004/2001 ya tarehe 20/7/2001 wafadhili wengi hawatasoma hata ukurasa wa kwanza. Njo kitu nilipenda, hawadanganye mutu. Banatuonyesha ule mufuko wa Kanada wa miradi midogo (FCIL) na ule wa ubalozi wa Japani, yote kuomba ni bure, basi mutu akiwaomba dolari za "kufungua dosie" mukimbie.

Shida ni budgeti. Sisi tulitaka mashini za kushona za bamama wa Panzi, bakatuwekea mafuta ya jenereta na perdiem (posho ya siku) za semina, kumbe balikopia proje ya batu wengine, tulibishana mpaka jioni! Wakarekebisha lakini. Bei mujadiliane mbele, na kuwalipa asilimia ya feza ya mufadhili musikubali, hata bosi acheke vizuri namna gani. Muende asubui, mchana umeme unakatika.